Umvue, Umpige Picha, Umrudishe Mtoni!

Mtu wa Bongo ukimtajia neno "kuvua", akili yake inakimbilia jikoni. Anaona kikaango, anaona ndimu, anaona ugali wa moto na pilipili pembeni. Samaki tunayemjua sisi ni yule aliyevuliwa usiku, akafika Feri alfajiri, saa saba mchana yuko mezani na paka anasubiri mifupa.

Sasa sikia hii. Kuna watu wanapanda ndege kutoka kwao mbali, wanalipa dola kwa mamia kwa siku moja, wanakaa juani kutwa nzima, wanapigana na samaki mpaka mikono inatetemeka. Wakimpata wanampima, wanampiga picha, wengine wanambusu kabisa (ndiyo, mdomoni!), halafu wanamrudisha mtoni. Samaki huyoo, anaondoka zake. Jioni wenyewe wanakula kuku.

Ukicheka nakuelewa. Nilipowasimulia washikaji zangu kijiweni Temeke, mmoja aliniuliza kama huko nilikokwenda wanauza maji ya kunywa au wanauza kitu kingine. Lakini mimi niliyaona kwa macho yangu mawili, na mikono yangu hii ilishika fimbo. Leo nataka tuzungumze, kwa sababu nyuma ya ule mchezo wa wenye pesa niliona nyumba moja ikigawanyika vipande viwili. Nyumba yenyewe ni ya ukoo wetu.

NJIA NI HII HII YA TUNDUMA

Baba yangu mkubwa ni mzaliwa wa Kyela. Miaka ya themanini alikuwa dereva wa malori ya kwenda Zambia. Unajua tena mambo ya safari: gari likakwama mpakani Chirundu wiki mbili, mzee akamwona binti mmoja wa Kitonga akiuza mahindi ya kuchoma, na hadithi ya lori ikaishia hapo. Akaoa, akahamia. Kwa kuwa alikulia kando ya Ziwa Nyasa akivua mbasa, hakuona taabu kuacha usukani na kushika nyavu. Mto ulikuwa mlangoni.

Mwishoni mwa Septemba 2022 nikapata lifti ya lori la jirani yetu. Kutoka Dar mpaka Lusaka ni karibu kilometa 2,000, halafu unashuka milima ile yenye kona za kutisha, huku ukihesabu mabaki ya malori yaliyoshindwa breki. Ukifika chini joto linakupokea kama mtu amekufungulia mlango wa tanuri la mikate. Hapo ndipo Chirundu. Zambia upande huu, Zimbabwe upande ule, na katikati Mto Zambezi wenyewe.

Usidhani utajisikia mgeni. Madereva wetu wamejaa pale, na Kiswahili utakisikia kwenye maegesho kama uko Ubungo. Daraja la kwanza lilijengwa mwaka 1939, la pili likafunguliwa mwaka 2002. Chini ya madaraja hayo mto unapita kimya, mpana, rangi ya kijani, kama hauna habari na pilikapilika za juu.

Mtoto wa kwanza wa baba mkubwa, ambaye kwangu mimi ni kaka, ni nahodha wa boti kwenye hoteli moja ya wavuvi wa kitalii, kilometa kadhaa chini ya mji, karibu na pale Mto Kafue unapoingia Zambezi. Kazi yake ni kuwapeleka wageni mahali samaki wakubwa walipo na kuwarudisha wakiwa na viungo vyote. Usione hilo la viungo kama utani. Viboko pale ni wengi kuliko daladala za Mbagala, na mamba wanaota jua kwenye michanga midomo wazi. Somo la kwanza alilonipa kaka lilikuwa fupi: "Dogo, mkono ubaki ndani ya boti."

HUYU TAIGA NI NANI HASA?

Samaki anayewatoa watu makwao anaitwa taiga, yaani chui milia. Jina limemkaa sawasawa. Ana mistari myeusi kutoka kichwani hadi mkiani, mapezi mekundu yenye njano, mwili wa fedha uliochongwa kama risasi. Halafu kuna meno! Msomaji wangu, meno ya taiga yako nje hata akifunga mdomo. Ya juu yanaingia kati ya ya chini kama zipu ya suruali. Yakichakaa anayamwaga yote na kuotesha seti mpya. Ukitumia mshipi wa nailoni mtupu anaukata hata hujajua kama amekula, ndiyo maana juu ya ndoana lazima kiwekwe kipande cha waya wa chuma.

Uzito wake? Wa kilo tatu, nne, ni wa kawaida. Ukipata wa kilo saba utatangaza hoteli nzima. Rekodi ya dunia ya aina hii ni kilo 16.1, na samaki huyo alitolewa Ziwa Kariba mwaka 2001. Aliyemtoa ni mwanamke, kwa hiyo nyie vidume mnaosema uvuvi ni kazi ya wanaume mtulie. Kule Kongo kuna binamu yake ambaye ni jitu kabisa: mwaka 1988 alivuliwa mmoja wa kilo 44. Huyo ukimshika unajiuliza nani kamshika nani.

Anakula samaki wenzake, lakini hachagui. Mwaka 2014 wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha walichokiona kwenye bwawa la Schroda: taiga anaruka kutoka majini na kumdaka mbayuwayu angani, ndege akiwa anapaa zake! Wavuvi walikuwa wakiyasema hayo miaka nenda rudi, watu wakiwaona waongo.

Na kuna jambo litakalokufurahisha kama wewe ni mtu wa Kigoma. Ziwa Kariba, lililo juu ya Chirundu, lilitengenezwa na binadamu. Bwawa lilikamilika mwaka 1959. Maji yalikuwa mengi lakini hakukuwa na samaki wa kuishi katikati ya kina. Mwishoni mwa miaka ya sitini wakachukua dagaa kutoka Ziwa Tanganyika wakawamwaga Kariba. Wale dagaa wakazaana ajabu, wengine wakapita kwenye mitambo ya umeme wakashuka na mto mpaka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji. Kule wanaitwa kapenta. Taiga akafungua mdomo akashukuru Mungu. Kwa hiyo taiga wengi wa Kariba wamenenepa kwa dagaa wetu, na hakuna aliyetuletea hata kadi ya asante.

SABUNI YA KUFULIA KAMA CHAMBO

Mfalme wa pili wa mto anaitwa vundu. Huyu ni jamii ya kambare, lakini kambare wa ndoto mbaya: mweusi, ndevu ndefu, na anaweza kuzidi kilo 50. Hana haraka, hana mbwembwe. Anakaa chini kwenye vishimo akisubiri.

Unajua anavuliwa kwa nini? Sabuni! Kipande cha sabuni ya kufulia, kile kile unachotumia kwenye beseni. Nilidhani kaka ananichezea akili mpaka nikaona wageni wawili wakikata mche wa sabuni kwa kisu na kuutunga kwenye ndoana kubwa kama kulabu ya bucha. Saa mbili usiku fimbo ikapinda mpaka ncha ikagusa maji. Yule mgeni, jitu la miraba minne, alivutwa hatua tatu akiwa amesimama gatini. Ilichukua dakika arobaini kumleta, na alipopimwa alikuwa kilo 31. Watu wazima wakapiga makofi kama watoto. Picha moja, mbili, tatu, halafu chubwi, kwake.

Mpishi wa hoteli alikuwa amesimama pembeni yangu. Aliguna tu, akasema kwa Kiswahili chake cha barabarani: "Huyo angekula mtaa wote."

Basi ukitaka kuielewa nyumba ya baba mkubwa, anzia hapo.

BABA ANA NYAVU, MWANA ANA FIMBO

Nilipofika nyumbani niliamkia, nikakaribishwa, nikapewa maji ya kuoga. Ugali wao wanauita nshima. Mama mkubwa aliandaa meza mbili. Baba mkubwa akala chini ya mwembe, kaka akala barazani na mkewe. Nikadhani ni mambo ya joto. Kesho yake hali ile ile. Siku ya tatu nikamuuliza shemeji.

"Hawajala pamoja tangu mwezi wa saba," akanijibu akiwa anaosha vyombo. "Wewe kula, usiulize sana."

Ilikuwa hivi. Mwezi wa saba askari wa doria walikuja usiku wakachukua nyavu tatu za mzee. Walisema matundu ni madogo kuliko sheria inavyoruhusu, na kwa hilo hawakusema uongo. Lakini nyavu zilikuwa zimefichwa kwenye matete, mahali ambapo watu wanne tu walipajua, na mmoja wao ni mtoto wake anayelipwa mshahara na wazungu wa fimbo. Mzee akapiga hesabu zake. Kaka aliapa kwamba hakusema. Mzee akamjibu kwamba hajasikia mtu akiapa vingine.

Nilikaa na baba mkubwa chini ya mwembe, nikamwachia aseme. Ana hoja zake, na si hoja za kuchezea.

"Babu yake na mkeo huyo shemeji yako, na wazazi wa mama yako mkubwa, walikuwa na mashamba kando ya mto huko juu," alisema. "Mwaka 1958 wakaambiwa pisheni maji, tunatengeneza umeme. Wakabebwa kwa malori mpaka Lusitu hapa, ardhi kavu. Umeme wenyewe waliuona ukipita juu ya vichwa vyao. Sasa wajukuu wanaambiwa pisheni samaki, kuna wageni wanataka kuwachezea. Nikuulize wewe uliyesoma: kuna siku watu wa mto watavua mto?"

Sikuwa na jibu la haraka. Hayo ya Lusitu ni ya kweli kabisa. Watonga wapatao 57,000 wa pande zote mbili za mto walihamishwa kwa ajili ya Kariba, na waliogoma kuondoka mwaka ule wa 1958 walipigwa risasi, wanane wakafa. Mama mkubwa alikuwa anapepeta mchele karibu yetu. Hakuinua uso, lakini alipepeta polepole ili asikie.

Upande wa kaka nao si mwepesi. Jioni moja tukiwa gatini tukisubiri jua lizame alinifungulia moyo. "Dogo, mzee anafikiri nimewapenda wageni nikamsahau yeye. Nilipokuwa na miaka kumi, alikuwa anatega nyavu mbili, anarudi na samaki wa kujaza mtumbwi. Sasa anatega tano, anarudi na ndoo. Watu wanavua kwa chandarua cha mbu, wanachota mpaka watoto wa samaki wa jana. Mvua zikianza taiga anapanda kwenda kutaga, ndiyo maana serikali ya huku inasimamisha uvuvi mitoni kuanzia Desemba mosi mpaka mwisho wa Februari. Wangapi wanasimama? Njaa haijui kalenda."

Akanyamaza kidogo, halafu akaongeza: "Dada yako anasoma uuguzi Lusaka. Unajua nani anamlipia? Bakshishi za boti. Na hiyo mzee anaijua, ndiyo inayomuuma zaidi."

Hapo nikakaa kimya. Maana mwanaume aliyelisha watoto kwa mikono yake akiona kazi yake inaitwa kosa na mwanawe anapigwa picha akicheka na samaki yule yule, hiyo inauma kuliko mamba.

JUMAPILI YENYEWE

Jumapili hakukuwa na wageni. Mashine ya boti ilikuwa imetoka kutengenezwa, na bosi akamruhusu kaka aende kuijaribu. Kaka akachukua fimbo moja ya ziada, akanikonyeza.

Tuliondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nyie mnaoamka saa nne mnakosa mengi! Mto ulikuwa umetulia kama mafuta, tembo wawili wanavuka upande wa Zimbabwe, mikonga juu kama wamevaa vifaa vya kuzamia. Kwenye kingo za udongo kulikuwa na keremkerem, ndege wekundu wa waridi, mamia kwa mamia, wamechimba vishimo vya kutagia kama ghorofa za Kariakoo.

Kaka akazima mashine tukaachia maji yatubebe. Akanitungia kipande cha mnofu wa samaki, akanionyesha kuurusha mshipi na kuuacha ushuke taratibu. "Akigonga, vuta kwa nguvu mara moja. Mdomo wake ni mfupa mtupu, ndoana haiingii kirahisi. Halafu mshipi usilegee hata sekunde. Ukilegea kwaheri."

Wa kwanza aligonga nikasikia umeme mpaka begani. Akaruka juu ya maji mita nzima, akatikisa kichwa kama mbwa aliyenyeshewa, na ndoana ikaturukia sisi. Wa pili vile vile. Kaka akasema hiyo ndiyo hesabu ya mto: ukigongwa na kumi ukaingiza wawili, nenda kanywe soda.

Wa tatu hakuwa kama wale. Huyu hakuruka mwanzoni. Aliuvuta mshipi kwenda chini ya mto, rili ikalia kama cherehani, na kidole changu nilichokigusisha kikapata mchubuko hapo hapo. Kaka akawasha mashine akamfuata polepole. Naupata mshipi mita tano, ananinyang'anya kumi. Jasho linaingia machoni, mapaja yanatetemeka, na mimi sisemi chochote cha maana, napiga kelele tu. Aliporuka hatimaye, jua lilikuwa limempiga ubavuni. Kaka mwenyewe, mzoefu wa miaka, alitoa neno ambalo mhariri hatalichapisha.

Baada ya dakika kumi hivi alikuwa ubavuni mwa boti, amechoka, mdomo wazi, meno yote hadharani. Kaka akambana taya kwa kishikio maalumu, akamwinua na mizani haraka haraka. Kilo nane na robo!

Hapo ndipo tuliposikia kafi.

Baba mkubwa alikuwa anatokea kwenye matete na mtumbwi wake. Tangu nyavu zichukuliwe alikuwa anatega mishipi ya ndoana tu. Alikuwa na kambare wadogo wawili na gobori la hasira. Akausimamisha mtumbwi mita tatu kutoka kwetu, akamtazama samaki, akamtazama mwanawe.

"Mnamrudisha?"

"Ndiyo, baba."

"Bila wageni? Bila wa kukulipa?"

"Hata bila wageni."

Kimya kikawa kirefu. Nikafikiri sasa hapa ndipo litakapolipuka, na mto huu una mamba. Kaka akapiga magoti, akamteremsha samaki majini huku amemshika tumboni na mkiani. Alikuwa akiongea bila kumwangalia baba yake: "Samaki wa ukubwa huu, baba, ndiye anayewaleta wageni. Wakisikia wapo, watakuja tena mwakani. Muhula mmoja wa yule mtoto kule Lusaka umo humu. Nikimuua, tunakula siku moja."

Mzee hakujibu hilo. Alisogeza mtumbwi karibu, akainama, akamtazama samaki tumbo.

"Jike hilo," akasema. "Yale makubwa yote ni majike. Mvua zikija litapanda." Halafu, kwa sauti ile ile ya kugomba: "Sasa mbona umemgeuza hivyo? Elekeza kichwa mto unakotoka, maji yaingie mdomoni. Unataka afe mkononi?"

Kaka akamgeuza. Samaki akafungua na kufunga mashavu, mara moja, mara mbili, mara kumi. Tukamsubiri wote watatu. Ghafla akapiga mkia, maji yakamlowesha kaka usoni, akazama. Kikabaki kiduara juu ya maji, nacho kikachukuliwa na mkondo.

Mzee akachukua kafi lake. "Mkija nyumbani mleteni mkaa," akasema, akaenda zake.

Usitarajie sinema ya Kihindi, hawakukumbatiana wala hakuna aliyelia. Ila jioni ile mama mkubwa aliweka meza moja. Kuku mmoja na wale kambare wawili. Mzee akamega nshima, akamsukumia mwanawe bakuli la mchuzi bila kumtazama. Baadaye sana, akichokoa meno, alisema: "Lakini nyavu zangu zitalipwa." Kaka akajibu: "Tutanunua za matundu makubwa, baba." Mzee akaguna. Shemeji akanifinya chini ya meza.

NA SISI JE?

Nimerudi Dar, nimewasimulia watu, na kila mtu anataka niseme nani ana haki. Haya, nasema.

Kaka ana haki kuhusu samaki. Taiga mkubwa huchukua miaka kukua, na ukimrudisha vizuri anaweza kuvuliwa tena, wakati wa kikaango ameisha jioni hiyo hiyo. Tena kumrudisha vizuri ni kazi: usimkalishe juani ukitafuta pozi, usimshike kwa taulo kavu, usimtupe kama gunia. Akikaa nje ya maji muda mrefu kwa joto la kule, ataogelea mbele ya macho yako akafie mbele ya safari. Mgeni atakuwa amefurahi na mto utakuwa umepata hasara.

Lakini baba mkubwa naye ana haki kuhusu watu. Kama pesa ya fimbo inaishia kwa mwenye hoteli, na kijiji kinabaki na makatazo na doria za usiku, basi ule si uhifadhi, ni kufukuzana tu kwa lugha nzuri. Mzee alikubali samaki arudi kwa sababu aliona muhula wa binti yake umo tumboni mwa yule samaki. Jirani yake asiye na mtoto kwenye boti anaona nini? Anaona nyama ikitupwa mtoni. Huyo huwezi kumlaumu akichukua chandarua cha mbu usiku.

Na msidhani haya ni ya Zambia peke yake. Tunaye taiga wetu, na ana jina letu kabisa: wataalamu walimpa jina la Hydrocynus tanzaniae mwaka 1986. Yuko mfumo wa Rufiji, na kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, wageni wanafika na fimbo zao kumtafuta huyo huyo, wanampiga picha na kumrudisha. Wewe hapo Sinza ulikuwa unajua? Unajua timu zote za Uingereza na namba za jezi za wachezaji wa akiba, lakini samaki wa nyumbani ambaye watu wanavuka bahari kumtafuta humjui!

Kwa hiyo mtoto wa mjini, siku ukipata nafasi ya kwenda bondeni usiishie kupiga picha za viboko. Muulize nahodha wa boti anaitwa nani, anatoka kijiji gani, analipwa nini. Muulize mwenye mtumbwi naye anavua wapi siku hizi. Ukiona wawili hao wanakula meza moja, ujue mto huo una maisha marefu. Ukiona kila mmoja ana mwembe wake, basi picha unayopiga huenda ikawa ya mwisho.

Mimi kidole changu kimepona, kimebaki kialama. Washikaji wa kijiweni bado hawaamini habari ya sabuni. Anayebisha aje na mche wake na nauli ya Tunduma, tuondoke.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.